Baridi Iliyodhaniwa Kuwa Ugonjwa wa Mwinuko: Kisa cha Mpandaji Kati ya Mandara na Horombo

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya waongozaji wa mlimani, viongozi wa vikundi vya matembezi, na yeyote anayepanga kuwapeleka ndugu na marafiki Kilimanjaro bila nia ya kufika kileleni. Nimezungumza na mhusika mwenyewe, mpwa wake, mwongozaji mkuu na msaidizi wake, na wote wameridhia kisa chao kitumike kufundishia. Majina, mwaka, jina la kampuni na baadhi ya mambo yanayoweza kuwatambulisha nimeyaondoa. Mhusika nitamwita Bi. H.

Usuli

Kikundi kilikuwa cha watu tisa kutoka mji mmoja wa pwani, wanachama wa kikoba waliokuwa wakiweka akiba kwa ajili ya safari ya pamoja. Mdogo wao alikuwa na miaka ishirini na kitu. Bi. H., mwenye umri mkubwa kuliko wote, alikuwa amevuka hamsini. Afya yake ilikuwa nzuri, hakuwa na presha wala kisukari, na alizoea kutembea. Kilimanjaro aliijua kwa kuiona dirishani mwa basi tu.

Walichagua njia ya Marangu, siku nne, kupanda hadi Horombo na kurudi. Siku ya kwanza ni msituni, kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720. Siku ya pili ni kutoka Mandara hadi Horombo, mita 3,720, umbali wa takriban kilomita 11 au 12. Siku ya tatu walipanga kwenda Mawe ya Pundamilia na kurudi kulala Horombo, kisha siku ya nne washuke.

Siku ya pili ndiyo inayowavuta wengi wasiotaka kilele. Muda mfupi baada ya Mandara msitu unakwisha, unaingia kwenye vichaka vya erika, halafu nyasi za mafungumafungu zinazofuata miinuko mpaka macho yanapoishia. Kuna maua makavu meupe yasiyonyauka, kuna protea, na ukikaribia Horombo unaanza kuona lobelia na senesio kubwa zimesimama mabondeni penye maji. Mawenzi inakuwa kuliani na Kibo mbele yako. Mimi naona hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote katika njia ya Marangu, na ninafurahi kila ninapoona Watanzania wakiipanda kwa ajili yake.

Njia yenyewe si ngumu. Hakuna pa kushika mwamba, hakuna korongo la kutisha, na mteremko ni wa taratibu. Mtu mzima mwenye afya huimaliza kwa saa tano hadi saba. Ugumu wake uko kwingine. Unapanda mita 1,000 kwa siku moja, na joto hushuka kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, kwa hiyo Horombo kuna baridi zaidi ya Mandara kwa nyuzi sita hivi hata kabla hujahesabu upepo na mvua. Na ukishatoka msituni, mvua ikija, huna mti wa kujikinga.

Safari ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, karibu na sikukuu ya Uhuru, kipindi ambacho vikundi vingi vya Watanzania hupanda. Mvua za vuli zilikuwa hazijaisha.

Maandalizi

Kampuni iliwatumia orodha ya vifaa. Ipo orodha ndefu kwa wanaokwenda kileleni. Hawa walipewa ile fupi, kwa hoja kwamba wanaishia Horombo. Ilitaja viatu, sweta, koti la mvua na chupa ya maji, bila kusema nguo ziwe za kitambaa gani wala kipi kibaki mgongoni mwa mwenyewe na kipi kikabidhiwe mpagazi.

Bi. H. alikuwa amejiandaa vizuri kuliko wenzake wengi. Walipolala Moshi alikwenda soko la mitumba la Memorial akanunua koti zito la mvua na sweta mbili za nyuzi za kutengeneza, vitu bora kabisa. Vyote vilikuwa kwenye begi kubwa, na asubuhi ya siku ya pili begi likaondoka na mpagazi. Yeye alivaa suruali ya jinzi, fulana ya pamba ya mikono mirefu, gauni jepesi juu yake, na mtandio wa pamba. Begi dogo la mgongoni lilikuwa na maji lita moja na nusu, biskuti, simu na mwavuli mdogo.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyelitilia maanani: wiki iliyotangulia kulikuwa na harusi nyumbani. Vidole vyake vilikuwa na piko nyeusi kabisa, kuanzia kucha hadi kiungo cha kwanza. Gumba la mkono wa kulia tu ndilo halikupakwa.

Mfululizo wa matukio

Waliondoka Mandara saa mbili asubuhi, jua likiwaka. Ndani ya saa mbili za kwanza kikundi kilikuwa kimegawanyika vipande vitatu. Vijana watano walitangulia na mwongozaji mkuu. Wawili walikuwa katikati. Nyuma walikuwa Bi. H., mpwa wake wa kike, na msaidizi wa mwongozaji, kijana aliyekuwa katika msimu wake wa pili.

Walifika Whona, mahali pa kupumzikia na kula mchana, saa sita na nusu. Boksi la chakula lilikuwa na kuku wa kukaanga, yai, ndizi na juisi. Bi. H. aliuliza kuku alichinjwa wapi. Msaidizi hakujua. Bi. H. akamwachia mpwa wake kuku, akala nusu ya ndizi. Msaidizi aliandika kwenye daftari lake: "Mama hana hamu ya kula."

Mvua ilianza saa saba na dakika ishirini. Mwavuli ulipinduliwa na upepo mara ya kwanza tu ulipofunguliwa. Ndani ya robo saa jinzi ilikuwa imelowa hadi kiunoni kwa maji ya nyasi na ya mvua, na mtandio ulikuwa umegandia shingoni. Waliendelea kutembea kwa sababu kutembea kulimpa joto kiasi, na kwa muda huo haukuwa uamuzi mbaya.

Saa nane na nusu alianza kujikwaa. Mpwa anakumbuka kwamba alimuuliza jambo kuhusu watoto nyumbani, akajibiwa kwa maneno yaliyovutikavutika, nusu hayaeleweki. Kufikia saa tisa kasoro dakika kumi, wakiwa kwenye mita 3,500 hivi, Bi. H. aliketi kwenye jiwe lililolowa akasema, "Niacheni nilale kidogo tu, mtanikuta."

Msaidizi alitoa oksimita, kifaa kidogo cha kupimia oksijeni kwenye damu, akaibana kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Ilisoma asilimia 66. Katika mwinuko ule mtu mwenye afya huwa kwenye themanini na kitu au zaidi. Akajumlisha aliyokuwa nayo: hana hamu ya kula, anayumba, anaongea kilevi, anasinzia, oksijeni 66. Akapiga redio ya upepo: "Mama mlima umemshika. Nashuka naye Mandara." Alimaanisha ugonjwa wa mwinuko, ule unaomshika mtu kwa upungufu wa oksijeni huko juu.

Mwongozaji mkuu alikuwa mbali kidogo chini ya Horombo. Alijibu kwa maswali mawili. La kwanza: "Kichwa kinamuuma?" Msaidizi akamuuliza, Bi. H. akatikisa kichwa, hapana. La pili: "Nguo zake za ndani zimelowa?" Kimya, kisha: "Zimelowa zote." Akaambiwa asiondoke pale.

Mkuu aliwaacha vijana watano na msaidizi wa pili, akashuka na wapagazi wawili wakiwa na begi la Bi. H., turubai la jikoni na chupa kubwa ya chai. Alifika saa tisa na dakika ishirini na tano. Katika muda huo msaidizi alikuwa amemvisha Bi. H. koti lake mwenyewe juu ya nguo zilizolowa, naye alikuwa bado ameketi juu ya jiwe, akitetemeka kwa nguvu.

Maamuzi, na sababu zake

Mkuu alikuwa na njia tatu mbele yake. Kushuka Mandara: zaidi ya saa tatu kwa mwendo wa Bi. H., mvuani, na giza lingewakuta njiani. Kupanda Horombo: saa moja na nusu hivi, na huko kuna vibanda, askari wa hifadhi, na njia ya Kilema ambayo gari la uokoaji linaweza kuipita. Au kukaa palepale kwanza.

Ukali wa uamuzi uko hapa. Ugonjwa wa mwinuko unapofika kwenye ubongo, mgonjwa huyumba, huchanganyikiwa, husinzia, na dawa yake ya kwanza ni kushuka mara moja, usiku au mchana. Kumpandisha mtu huyo hata mita mia mbili ni kumhatarishia maisha. Mwili uliopoa nao humfanya mtu ayumbe, aongee kilevi na asinzie, lakini dawa yake ni kukauka, kujikinga na upepo na kula. Kumburuta saa tatu mvuani kuelekea chini kunaweza kumaliza nguvu zote alizobakiwa nazo. Kwa macho hali hizi mbili zinafanana, na matibabu ya moja yanaweza kumuua mwenye nyingine.

Mkuu aliamua kutochagua upande wowote kwa angalau nusu saa. Aliniambia hivi: "Nilitaka mwili wenyewe uniambie. Kama ni baridi, atabadilika mbele yangu. Kama ni mlima, hatabadilika, na hapo nashuka naye hata kwa machela."

Turubai lilifungwa kati ya majiwe mawili kuzuia upepo. Viroba vya wapagazi vilitandikwa chini ili asigusane na ardhi. Hadi hapo kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha mkuu akasema nguo zitoke, na Bi. H., aliyekuwa hajiwezi kwa kitu kingine, akakataa katakata. Wanaume wanne walikuwa wamemzunguka. Alishika mtandio wake kwa mikono yote miwili.

Karibu dakika kumi zilipotea kwa kubembelezana. Mkuu alikuwa tayari kutumia nguvu, akiona maisha ni bora kuliko aibu. Aliyeokoa hali ni mpwa. Alisema, "Kaka zangu, ondokeni mkasimame kule, mtupe mgongo." Akachukua vitenge viwili kutoka kwenye begi, akamzungushia kimoja shangazi yake mwili mzima, na chini yake akamvua kila kilicholowa, kimoja kimoja, huku akimvisha kikavu kabla hajavua kinachofuata. Mtandio ulitoka mwisho, ukabadilishwa na sweta lililofungwa kichwani kama kilemba. Kazi yote ilichukua dakika tano.

Mtu mmoja wa kikundi kingine aliyekuwa akipita alishauri wawashe moto. Mkuu alikataa, na alikuwa sahihi. Moto wa kuni hauruhusiwi hifadhini, na hapo si mahali pa kufanya mzaha: moto mkubwa wa Oktoba 2020 ulianzia eneo hilohilo la Whona na kuteketeza uwanda mkubwa wa erika na nyasi. Isitoshe, moto mdogo wa kuni mbichi kwenye upepo ungempa moshi kuliko joto.

Alipewa chai yenye sukari nyingi baada ya kuhakikisha anameza vizuri, kisha biskuti, na mkate wa siagi kutoka kwa mpagazi. Hakuna aliyemsugua mikono wala miguu. Kusugua hakuongezi joto, na kunaweza kuumiza ngozi iliyopoa.

Mkuu aliitazama mikono ya Bi. H. na kuona piko. Akamwambia aweke gumba la kulia kwapani. Baada ya dakika kumi oksimita ilisoma 85.

Saa kumi na dakika ishirini na tano alimwomba asimame na atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa mbele. Alitembea bila kuyumba. Maneno yalikuwa yamerudi, na alikuwa ameanza kuuliza vijana wako wapi. Kichwa bado hakikuuma.

Hapo mkuu akaamua kupanda Horombo, kwa masharti matatu aliyoyasema mbele ya wote: watatembea pamoja bila mtu kutangulia, kila robo saa atamwuliza kuhusu kichwa na kichefuchefu, na kikianza chochote kati ya hivyo pamoja na kuyumba, watageuka palepale na kuwaita askari wa hifadhi kwa redio.

Matokeo

Walifika Horombo saa kumi na mbili na dakika tano, kabla ya giza. Mpwa alimwamsha kila baada ya saa mbili usiku na kuzungumza naye. Saa nne usiku kichwa kiliuma kidogo, jambo la kawaida kwa waliolala Horombo kwa mara ya kwanza. Kilitulia kwa maji na paracetamol. Asubuhi alikula uji bakuli mbili. Hakwenda Mawe ya Pundamilia. Alishuka kijitoni chini ya vibanda, akakaa kati ya senesio hadi wenzake waliporudi. Siku ya nne alitembea kwa miguu yake hadi langoni.

Uchambuzi

Nianze na oksimita, kwa sababu ndiyo iliyokaribia kumwelekeza msaidizi kubaya, na kwa sababu nawaona vijana wengi wakiiamini kuliko macho yao. Kifaa hiki hupitisha mwanga kidoleni na kupima jinsi damu inavyounyonya. Kidole kikiwa baridi, mishipa midogo imejifunga na damu inayopita ni kidogo mno, kwa hiyo namba inayotoka haiaminiki. Rangi nyeusi ya piko nayo inaweza kuuzuia mwanga. Bi. H. alikuwa na vyote viwili. Tazameni namba ya mapigo ya moyo kwenye kifaa kabla ya namba ya oksijeni: ikirukaruka, au isipolingana na mapigo mnayoyahesabu wenyewe mkononi, msiiandike hata kwenye daftari. Kwa wageni wa pwani, waulizeni mapema kuhusu hina na piko, mchague kidole cha kupimia siku ya kwanza.

Swali la kichwa lilikuwa na thamani kuliko kifaa. Ugonjwa wa mwinuko karibu kila mara huja na maumivu ya kichwa kwanza, na ule wa ubongo huwa umetanguliwa na saa nyingi za dalili ndogo. Mtu aliyelala vizuri Mandara, hakuumwa kichwa asubuhi, na amelowa chapachapa kwa saa moja na nusu katika upepo, anakupa sababu ya kuifikiria baridi kwanza. Msaidizi hakuwa mzembe. Alifundishwa mlima kwa lugha ya oksijeni, na kila dalili aliyoiona ikaingia kwenye kapu hilohilo. Hata kuku asiyeliwa aliingia humo, ilhali Bi. H. alikuwa na njaa.

Hilo la kuku si dogo. Mwili unatetemeka kwa kuchoma chakula. Mtu aliyekula nusu ndizi tangu uji wa asubuhi ana akiba ndogo ya kutetemekea. Kampuni inayopeleka Waislamu mlimani, na ni wengi, imwagize mpishi aweze kujibu swali la kuchinja bila kusita, au mboksini kuwe na samaki na mayai ya kutosha.

Kuhusu sitara, hapa nina msimamo mkali. Kumvua mtu nguo zilizolowa ndiyo tiba yenyewe, na tiba ambayo mgonjwa hawezi kuikubali mbele ya waliopo ni kama haipo. Msafara haukuwa na mwanamke hata mmoja miongoni mwa wahudumu. Mpwa asingekuwepo, nadhani wangemshinda nguvu, naye angepambana kwa joto lile dogo alilobakiwa nalo. Wanawake wanaofanya kazi ya uongozaji na upagazi Kilimanjaro wapo. Kikundi chenye wanawake wa makamo kipangiwe angalau mmoja, na jioni ya kwanza apangwe wazi mtu atakayemhudumia nani ikitokea dharura. Utaratibu wa kuzungushia kitenge na kubadilisha nguo moja baada ya nyingine unaweza kufundishwa kwa dakika chache pale Mandara.

Kilichofeli kabisa ni zile dakika thelathini na tano za kumsubiri mkuu. Koti juu ya nguo zilizolowa lilizuia upepo kidogo, ila jiwe chini yake liliendelea kumnyonya joto. Msaidizi alikuwa na begi lake, begi la Bi. H. na la mpwa: matatu ya kukalia. Alikuwa pia na biskuti. Hakuvitumia kwa sababu akilini mwake alikuwa akisubiri ruhusa ya kushuka, na mtu anayesubiri kushuka hafungui mabegi.

Mzizi wa yote, kwa maoni yangu, ni begi kubwa kutangulia na koti la mvua ndani yake, huku kikundi kikiruhusiwa kuvunjika vipande vitatu. Moja kati ya hayo peke yake lingevumilika. Koti likiwa mgongoni, Bi. H. angelowa kidogo na kufika. Kikundi kikiwa pamoja, mkuu na chai wangekuwa mita ishirini kutoka kwake. Mwongozaji mkuu sasa hukagua mabegi madogo asubuhi ya kuondoka Mandara, moja moja, na asiyekuwa na koti la mvua na sweta kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji haondoki. Pia amehamishia chupa ya chai kwa msaidizi wa nyuma, na yeye mwenyewe hutembea nyuma inapokuwa siku ya kuvuka nyasi.

Kuna waongozaji wenzangu wanaosema alipaswa kushuka hata hivyo, kwa kuwa kushuka hakujawahi kumdhuru mtu. Nimeisikia hoja hiyo na siikubali kwa kisa hiki. Saa tatu za mvua, gizani, kwa mwanamke aliyetoka tu kutetemeka, zingeweza kumdhuru sana. Ila nakubaliana nao kwa jambo moja: kama ile namba ya gumba ingebaki chini, au mstari wa hatua kumi ungemshinda baada ya kukauka na kula, kusingekuwa na la kujadili, na machela ingetakiwa iwe imeshaitwa tangu saa tisa na nusu ili isisubiriwe gizani. Mkuu hakuiita mapema. Nilipomuuliza, alisema safari ijayo ataiita kwanza na kuirudisha baadaye.